Kufufua Pikipiki Kuukuu ya Magurudumu Manne Wakati Vipuri Vimeadimika



Mazungumzo yetu ya leo yamezaliwa na magunia mawili. Bwana mmoja, mfugaji wa nyuki kutoka nyanda za juu kusini, alifika ofisini kwetu akiwa ameyabebesha kijana wake. Alipoyamimina sakafuni tuliona pistoni, gia, waya zilizokatwa ovyo, kabureta isiyo na mfuniko, na boliti nyingi zilizochanganyika na mchanga. Hiyo ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, ile ambayo vijana huiita kwadi. Aliinunua katika mnada wa vifaa vya mradi uliofungwa, ikiwa inawaka kwa taabu. Fundi alimwomba fedha ya kununulia vipuri, akaifungua yote siku ile ile, kisha akaenda kutafuta vipuri na kukuta havipo mjini. Mwaka mmoja na miezi miwili ikapita. Fundi akahamia wilaya nyingine. Mashine ikabaki magunia.

Bwana yule hakuwa na risiti, hakuwa na orodha ya vilivyofunguliwa, wala hakujua aina kamili ya mashine yake zaidi ya rangi yake nyekundu. Lalamiko lake tuliliandika. Hata hivyo, maswali tuliyomwuliza siku ile ndiyo tunayopenda kuyaleta mbele yenu, kwa kuwa yangeulizwa kabla ya spana ya kwanza kuguswa, huenda magunia yasingekuwapo.

Mashine hizi zimo nchini kwa njia nyingi. Zipo zilizoletwa na miradi na mashamba makubwa, zipo zilizotumika katika kambi za watalii na mahoteli ya pwani, na zipo zilizokuja zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Nyingi zilitengenezwa miaka ya 1980 na 1990, nao watengenezaji huacha kutoa baadhi ya vipuri baada ya miaka kadhaa. Kwa hiyo anayeinunua leo kwa bei ya chini ananunua pia kazi ya kutafuta. Kazi hiyo ina gharama, na aghalabu gharama hiyo haitajwi mnadani.

Jambo la kwanza ni hati. Kifaa kilichoingizwa nchini na mradi kwa msamaha wa kodi huweza kudaiwa kodi pale kinapouzwa kwa mtu asiye na msamaha huo. Muulize msimamizi wa mnada, tena kwa maandishi, kama kodi imekwishalipwa na kama kadi ya usajili ipo. Mashine ya shilingi chache isiyo na hati inaweza kuwa ghali kuliko ile ya jirani yenye hati kamili. Hili tunalipita upesi, kwa sababu wengi wenu mnalijua kutokana na magari.

La pili ni kuitambua mashine yenyewe, na hapa tunaomba subira yenu. Rangi na jina lililobandikwa kwenye tangi havitoshi, kwa maana matangi hubadilishwa na vibandiko huuzwa mitaani. Tafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma cha fremu, mara nyingi sehemu ya mbele chini, ukiisugua kwa brashi na mafuta ya taa. Kwa mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani tangu 1981, namba hiyo huwa na herufi na tarakimu 17, na ya kumi hutaja mwaka wa toleo: J ni 1988, K ni 1989, L ni 1990, na kuendelea hivyo, ila baadhi ya herufi zinazofanana na tarakimu hurukwa. Mashine za masoko mengine huenda zisifuate utaratibu huo, lakini namba yake bado ndiyo itakayomwezesha muuzaji wa vipuri kutafuta katika orodha ya mtengenezaji. Iandike, pamoja na namba ya injini, kisha zipige picha zote mbili.

Ukiisha kuijua mashine, utajua pia namba za vipuri vyake, nazo husema mengi. Kwa Honda, kwa mfano, namba ya kipuri huwa na makundi matatu yaliyotengwa kwa vistari. Kundi la kwanza hutaja aina ya kipuri, na kundi la kati hutaja mashine ambayo kipuri hicho kilibuniwa kwa ajili yake mara ya kwanza. Mwenye kuijua siri hii ndogo huona kuwa kipuri cha mashine yake ya magurudumu manne pengine kilianza maisha katika pikipiki ya kawaida ya magurudumu mawili, ambayo vipuri vyake vimejaa madukani. Mtu anayeuliza dukani, "Mna spea za kwadi?" ataambiwa hapana. Anayekwenda na namba hujibiwa kwa namba.

Kabla injini haijafunguliwa, tunasisitiza vipimo vitatu ambavyo fundi yeyote wa pikipiki anaweza kuvifanya mbele yako: kuna cheche, kuna mkandamizo wa silinda, na petroli inafika? Mashine iliyokaa miaka bila kuwashwa mara nyingi haina maradhi ya injini. Tangi lina kutu, kabureta imeziba kwa petroli iliyoganda, na waya zimeliwa na panya. Kabureta ikifunguliwa, vitundu vyake visafishwe kwa dawa na upepo, visichokolewe kwa waya mgumu, kwani kitundu kikipanuka hata kidogo kipimo chake kimepotea. Tumewaona watu waliovunja injini nzima iliyokuwa na afya, ilhali tatizo lilikuwa kitundu kidogo kama tundu la sindano.

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo haya. Mashine yoyote ya namna hii ina vipuri vyake mahsusi, na ina vipuri ambavyo ni vya dunia nzima. Hivi vya pili huuzwa kwa vipimo, na mnunuzi asiyelijua hilo huvitafuta kwa jina la mashine, hukosa, au huuziwa kwa bei ya kuvunja moyo.

Chukua beringi. Ubavuni mwake imechorwa namba, tuseme 6204. Namba hiyo si mali ya Yamaha wala ya Suzuki. Ni namba ya vipimo inayotambulika kimataifa: tundu la ndani milimita 20, kipenyo cha nje milimita 47, unene milimita 14. Beringi ya 6203 ni 17 kwa 40 kwa 12. Ya 6205 ni 25 kwa 52 kwa 15. Beringi hizo hizo zimo katika mota za umeme na pampu za maji, na huenda ipo moja katika mashine ya kusagia nafaka kijijini kwako. Nenda duka la beringi, mwachie muuza spea za pikipiki kazi yake nyingine. Angalia pia herufi zinazofuata. 2RS humaanisha kuwa beringi imefunikwa kwa mpira pande zote mbili, nayo hufaa kwa gurudumu linalopita kwenye matope. ZZ ni mfuniko wa bati. C3 humaanisha kuwa nafasi ya ndani ni kubwa kuliko ya kawaida, hivyo kama iliyotoka ndani ya injini ilikuwa na C3, usikubali kuletewa isiyo nayo kwa maelezo kuwa "ni ile ile."

Sili za mafuta nazo huandikwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, kama vile 25 kwa 40 kwa 7. Minyororo hutajwa kwa namba kama 428 na 520, na hiyo hiyo ni lugha ya maduka yote ya pikipiki. Plagi ni mfano mwingine mzuri. D8EA ya NGK, inayojulikana sana kwa waendesha bodaboda, ina D inayotaja uzi wa milimita 12, E inayotaja urefu wa uzi wa milimita 19, na 8 ambayo ni kiwango cha joto. Kwa kampuni hiyo, namba ikikua plagi huwa ya baridi zaidi. Makampuni mengine huhesabu kwa njia nyingine. Plagi yenye uzi mrefu kuliko inayotakiwa itaingia shimoni bila ugomvi, kisha inaweza kugonga pistoni. Kukaa vizuri kwa kipuri mahali pake siyo ushahidi kwamba ndicho.

Pistoni inahitaji maneno yake yenyewe, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Silinda ikilika, hupanuliwa kwa kuchongwa, na pistoni kubwa zaidi kidogo huwekwa. Watengenezaji wengi hutoa nyongeza za robo milimita, nusu milimita, na kuendelea hadi milimita moja. Mafundi wengi huichonga silinda kwanza, kisha ndipo hutafuta pistoni. Kwa mashine mpya hilo halina madhara makubwa. Kwa mashine ya miaka thelathini na mitano ni kucheza kamari kwa mali ya mtu. Ukute dunia imebakiwa na pistoni ya nyongeza ya milimita moja, nayo silinda yako imechongwa kwa nusu! Pistoni ishikwe mkononi kwanza, ipimwe kwa venia au maikromita, ndipo silinda iende kwa mchonga vyuma. Ikiwa pistoni ya aina yako haipatikani kabisa, karakana nzuri yaweza kuingiza slivu mpya katika silinda ili ikubali pistoni ya mashine nyingine iliyo karibu nayo, lakini hiyo ni kazi ya mtu mwenye vipimo na rekodi ya kazi kama hizo, na bei yake iulizwe mapema.

Kuna vipuri ambavyo havipo popote, navyo vinaweza kutengenezwa hapa hapa. Pini, bushi, vishikio, sproketi, na hata gasketi za karatasi ni kazi ya kila siku ya karakana za kuchonga vyuma. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ambalo limekuwapo tangu 1973, lina ofisi mikoani na ni mahali pazuri pa kuulizia wachongaji walio karibu nawe. Mpelekee mchongaji kipuri chenyewe hata kama kimevunjika, pamoja na kile kinachoingiliana nacho. Anayechonga bushi bila kuiona pini yake anakisia.

Hata hivyo, ndugu zetu, yapo maeneo ambayo hatutaki ubunifu wowote, na hapa tunasema kwa ukali kidogo kwa kuwa tumeyaona majeraha. Fimbo za usukani zisichomelewe. Viungio vyake vya mpira vikilegea, vinunuliwe vingine vyenye uzi ule ule, wa kulia kwa kulia na wa kushoto kwa kushoto. Kama havipatikani, mashine isubiri. Viatu vya breki vinaweza kubandikwa lainingi upya na mafundi wanaofanya kazi hiyo kwa malori, na hilo ni suluhisho la halali. Lakini vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani lainingi nyingi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, ambayo ikivutwa huharibu mapafu kwa namna isiyotibika. Ilowesheni kwa maji na kuifuta kwa kitambaa cha kutupwa. Nazo breki za mafuta zitiwe mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko chake. Oili ya injini huvimbisha mipira ya ndani, na breki hushika au hukataa wakati usiotarajiwa.

Matairi pia. Tairi la 25x8-12 lina kimo cha inchi 25, upana wa inchi 8, na huvaa rimu ya inchi 12. Matairi ya mashine hizi hujazwa upepo mdogo mno, mara nyingi pauni 3 hadi 5 tu kwa inchi ya mraba, na kiwango chake huandikwa ubavuni mwa tairi au kwenye kibandiko cha mashine. Kijana wa upepo aliyezoea magari ataliona limelegea, alitie pauni 30 kwa nia njema kabisa, na mashine itaruka kwenye kila jiwe kama mpira, ikiwa tairi halijapasuka. Geji ya kawaida ya gereji haisomi vizuri upepo mdogo kiasi hicho. Nunua geji yake.

Na kama mashine uliyoikuta ina magurudumu matatu ya matairi manene, nasi hatusemi bajaji bali ile ya kukaliwa kama farasi, ushauri wetu ni mfupi: iache. Mwaka 1988 watengenezaji wakubwa walikubaliana na serikali ya Marekani, mbele ya mahakama, kuacha kuziuza mpya nchini humo kwa sababu ya ajali, hasa kupinduka. Kuifufua ni kuirudisha hatari iliyokwisha kustaafishwa. Hata ile ya magurudumu manne, aina nyingi kuukuu zilibuniwa kwa mtu mmoja tu. Kiti chake ni kirefu ili dereva asogee na kuegemea kwenye kona, hakikuwekwa kwa ajili ya abiria.

Sasa tuseme habari ya haki zenu, maana kipuri adimu humfanya mnunuzi awe mnyonge. Akikiona, hulipa asije akakikosa. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo anayeuza bidhaa za aina hiyo, bidhaa inapaswa kuifaa kazi ile. Maneno yanayofanya tofauti ni yale unayoyasema kabla ya kulipa: "Ninataka sili ya injini ya mashine hii, namba yake hii hapa." Mwombe aandike hayo kwenye risiti. Lakini kumbuka upande wa pili wa shilingi hiyo: ukikikagua kipuri kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi ule ungeifichua haitakuwa na utetezi mkubwa. Ukikagua, basi kagua kweli kweli.

Muuzaji akikuambia ni kipya, nacho kimetumika na kupakwa rangi, au akikuambia ni orijino, nacho ni bandia, hapo ameingia katika Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na malalamiko ya namna hiyo hupokelewa na Tume ya Ushindani. Haya hayamaanishi kuwa kipuri kilichotumika ni kibaya. Kwa mashine kuukuu, kipuri halisi kilichotumika mara nyingi ni bora kuliko kipya kisichojulikana kwao. Tunachodai ni kwamba kiuzwe kwa jina lake.

Kwa upande wa fundi, mkataba wa ukurasa mmoja unatosha. Andikeni namba ya chesisi, vipimo vitatu na majibu yake, kazi iliyokubaliwa, na sharti moja tunalolipenda kuliko yote: hakuna kitu kitakachofunguliwa zaidi mpaka vipuri vyake vimeonekana. Fedha ya vipuri itolewe kwa kipuri, isitolewe kwa jumla. Vinavyofunguliwa viwekwe katika mifuko yenye majina, na picha zipigwe kila hatua. Simu ya kila mmoja wetu inaweza kazi hiyo. Fundi mwaminifu hatachukia, kwa kuwa karatasi ile humlinda yeye pia dhidi ya mteja anayesahau alichokubali.

Tumrudie bwana wa magunia. Risiti hakuwa nayo, ila alikuwa ametuma fedha kwa simu, na ujumbe wa muamala ulikuwa bado haujafutwa, ukiwa na tarehe, kiasi na jina la mpokeaji. Fundi alipopatikana na kuonyeshwa ujumbe huo hakubisha. Alikubali kurudisha sehemu ya fedha kwa awamu tatu, na mbili amekwisha kulipa. Magunia tuliyatandaza kwenye turubai, tukahesabu. Vilivyopungua vilikuwa vichache kuliko tulivyohofia: beringi nne, sili, mfuniko wa kabureta, na kisanduku cha CDI ambacho ndicho kilichokuwa mtihani mkubwa. Namba ya chesisi ilituongoza kwenye mashine ya aina ile ile iliyolala nyuma ya ghala la shamba moja, fremu yake ikiwa imepinda vibaya. Alinunua mabaki yale kwa risiti yenye orodha.

Mpaka tunaandaa mazungumzo haya, injini inaunguruma. Mashine yenyewe haijatoka uani: breki za mbele zinasubiri mipira ya silinda, na bwana yule ametuambia kuwa mizinga yake itaendelea kubebwa na punda hadi ifike.